Fremu Iliyofuata au Inayofuata? Kusitiri Muundo wa Fremu katika Msimbo Chanzo wa GDB na Mzigo Unaobaki kwenye Majina

Ikisiri

GDB ni programu inayotumiwa na waandishi wa programu za kompyuta kusaka hitilafu. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 21, watunzaji wake walianza kuuondoa hatua kwa hatua muundo wa data unaowakilisha fremu za rundo mikononi mwa sehemu nyingine za msimbo, wakabakiza fanksheni zenye majina peke yake. Makala haya yanaeleza namna usitiri huo unavyofanya kazi na kwa nini ulihitajika, kisha yanaonyesha kwamba athari yake kubwa ni ya kiisimu: umbo la ndani likishasitiriwa, jina ndilo linalobeba maana yote. Tunadai kwamba maneno ya Kiingereza ‘next’ na ‘prev’, yasiyobeba njeo, yana utata ambao urejeshi wenye njeo wa Kiswahili unamlazimu mfasiri auamue. Uamuzi tunaoupendekeza ni jozi ya iliyotangulia na iliyofuata, si iliyopita na inayofuata.

1.0 Utangulizi

Mijadala ya istilahi za kompyuta katika Kiswahili imejikita zaidi katika vitu anavyoviona mtumiaji wa kawaida, kama vile kibodi, kipanya, faili na tovuti. Msimbo chanzo, yaani maandishi yanayoandikwa na mwanadamu ili yafasiriwe na kuwa programu, haujaangaliwa sana na wanaisimu. Huenda sababu ni dhana kwamba maandishi hayo ni ya mashine. Dhana hiyo ina kasoro. Mashine haijali kama kitu kimeitwa ‘next’ au kimeitwa x1. Majina katika msimbo huwekwa kwa ajili ya msomaji binadamu, na msomaji huyo huyafasiri kwa kanuni zilezile za lugha anazozitumia kufasiri matini nyingine yoyote.

Makala haya yanachukua mfano mmoja mahususi: muundo wa fremu katika msimbo chanzo wa GDB. Programu hii ilianzishwa na Richard Stallman mwaka 1986 katika mradi wa GNU, na hadi leo inatunzwa na jumuiya ya wasanidi wake. Mfano huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha wazi nini hutokea pale kitu kilichokuwa kikionekana kinapobaki kutajwa tu. Pili, majina yaliyobaki baada ya usitiri huo ni maneno ya mfuatano, yale ambayo maana yake hutegemea msemaji amesimama wapi na anaelekea upande gani. Eneo hili Kiswahili kina zana zake, na zana hizo si sawa na za Kiingereza.

Msomaji hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Sehemu ya 2.0 inaeleza yale ya msingi yanayohitajika.

2.0 Fremu na rundo lake

Programu huundwa na fanksheni, yaani vipande vyenye majina ambavyo kila kimoja hufanya kazi moja kikiitwa, kisha hurudisha jibu kwa kilichokiita. Tuchukue programu ndogo yenye fanksheni tatu. Fanksheni ya kwanza ni main, ambayo kwa kawaida ya lugha ya C ndipo programu huanzia. Hiyo inaiita fanksheni ya wastani, na wastani nayo inaiita gawa. Wakati gawa inafanya kazi, wastani haijamaliza. Imesimama ikisubiri jibu. Vivyo hivyo main inaisubiri wastani.

Kila fanksheni iliyoitwa na ambayo haijamaliza hutengewa sehemu yake katika kumbukumbu ya kompyuta. Humo huwekwa thamani za muda inazozihitaji pamoja na taarifa ya mahali pa kurejea itakapomaliza. Sehemu hiyo ndiyo fremu. Fremu hupangwa mithili ya nguo zilizokunjwa sandukuni: iliyowekwa mwisho ndiyo ya kwanza kutolewa. Mpangilio huo ndio tunaouita hapa rundo.

Tuseme gawa inajaribu kugawa kwa sifuri na programu inakwama. Msanidi akiitumia GDB kuuliza hali ilivyo, ataoneshwa orodha ambayo kiini chake ni hiki:

#0 gawa
#1 wastani
#2 main

Orodha hii inasomwa kinyume cha utendaji. Iliyoanza kufanya kazi ni main, lakini imetajwa mwisho. Iliyoanza mwisho ni gawa, na ndiyo iliyopewa namba 0. Sababu yake ni ya kimsingi. Programu inaposimama, kinachojulikana moja kwa moja ni mahali kichakataji kilipo wakati huo. Yaliyotangulia lazima yafuatiliwe kwa kurudi nyuma, fremu baada ya fremu, mithili ya mtu anayefuata nyayo kutoka mahali msafiri alipofika hadi alikotoka.

Hapa msomaji wa isimu atambue tahadhari moja ya istilahi. Kichakataji kina sehemu chache za kuhifadhia thamani zinazoitwa rejista. Neno hili halihusiani na rejesta ya isimujamii, ingawa asili yake katika Kiingereza ni neno lilelile.

3.0 Kutoka muundo wazi hadi muundo uliositiriwa

Ndani ya GDB, kila fremu ya programu inayochunguzwa huwakilishwa na muundo wa data unaoitwa frame_info. Muundo wa data ni mkusanyiko wa nyuga, na kila uga una jina na thamani yake. Katika matoleo ya zamani, muundo huu ulielezwa wote katika faili la matangazo, yaani faili linalosomwa na sehemu nyingine za programu ili zijue ni vitu gani vipo na vinaitwaje. Kwa hiyo sehemu yoyote ya GDB iliweza kuingia ndani ya fremu ikachukua anwani yake, ikasoma anwani ya maelekezo yaliyokuwa yakitekelezwa, au ikafuata vielekezi vya kwenda kwenye fremu jirani. Iliweza pia kuandika humo.

Uhuru huo ulikuwa na gharama. GDB inahudumia aina nyingi za vichakataji, na kila aina ina desturi yake ya kupanga fremu. Msimbo wa kila kichakataji ulipogusa nyuga moja kwa moja, umbo la muundo liligeuka kuwa ahadi kwa wote waliolitegemea. Kubadilisha uga mmoja kulimaanisha kupekua msimbo mzima.

Tiba yake ilikuwa imeshaelezwa kinadharia. Mwaka 1972 David Parnas alichapisha makala katika jarida la Communications of the ACM, akidai kwamba programu isigawanywe kwa kufuata hatua za utendaji wake. Igawanywe kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, na kila sehemu isitiri uamuzi mmoja dhidi ya sehemu nyingine. Lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwanzoni mwa miaka ya 1970, inatoa njia nyepesi ya kufanya hivyo. Mwandishi hutangaza katika faili la matangazo kwamba kuna muundo wenye jina fulani, bila kueleza umo nini. Maelezo kamili huwekwa katika faili moja tu la utekelezaji. Kompaila itaziruhusu sehemu nyingine zishike kielekezi cha muundo huo na kupeana, lakini itakataa jaribio lolote la kuugusa undani wake.

Hivyo ndivyo ilivyofanyika kwa frame_info. Maelezo yake yaliishia katika faili la frame.c, na faili la frame.h likabaki na tangazo la jina pamoja na fanksheni za kuulizia. Anayetaka anwani ya maelekezo huita get_frame_pc. Anayetaka fremu jirani huita get_prev_frame au get_next_frame. Kazi hiyo haikukamilika kwa siku moja. Pale ambapo msimbo wa zamani haukuweza kusafishwa mara moja, fanksheni zilizobakizwa kwa muda zilipewa majina yanayoanza na deprecated, neno la kumwonya msomaji kwamba matumizi yake hayapendekezwi tena. Onyo liliwekwa ndani ya jina kwa sababu jina lingesomwa kila mahali fanksheni inapoitwa.

Faida ya usitiri huu inaonekana katika badiliko moja la ndani. Zamani kila fremu ilikuwa na uga wa anwani yake yenyewe ya maelekezo. Sasa sivyo. Wastani ilipoiita gawa, mahali pa kurejea palihifadhiwa kwa namna ambayo hupatikana kupitia fremu ya gawa. Kwa hiyo shahidi wa mahali wastani iliposimama ni gawa, si wastani yenyewe. Muundo wa leo unaufuata ukweli huo: anwani ya fremu hupatikana kwa kuiuliza fremu ya baada yake. Na gawa, ambayo haina fremu baada yake, inapata wapi shahidi? GDB huiundia fremu ya mlinzi yenye namba -1, ambayo kazi yake ni kujibu kutoka kwenye rejista za kichakataji. Mabadiliko haya yaligeuza kabisa mantiki ya ndani, lakini anayeita get_frame_pc hakulazimika kujua.

4.0 Kusitiri si kuficha

Dhana ya Parnas hutajwa kwa Kiingereza kwa neno ambalo tafsiri yake ya haraka ni kuficha. Tunaona tafsiri hiyo inapotosha. Katika Kiswahili, mwenye kuficha hukusudia mwenzake asijue kitu kipo, au asijue kilipo. GDB ni programu huria. Yeyote anaweza kulifungua faili la frame.c na kuusoma muundo huo uga kwa uga. Hakuna siri. Kilichozuiwa ni mkono, si jicho.

Neno linalofaa ni kusitiri. Kinachositiriwa hujulikana kwamba kipo, na pengine hujulikana hata kilivyo, ila hakiachwi wazi kushikwa au kutazamwa na kila apitaye. Ua wa nyumba husitiri, wala hakuna anayedhani kwamba nyuma ya ua hakuna watu. Sitara huwalinda wote wawili: aliye ndani hasumbuliwi, na aliye nje halazimiki kujishughulisha na yasiyomhusu. Maana hizi mbili za ulinzi ndizo alizozikusudia Parnas.

Tofauti hii inatusaidia pia kutenganisha mambo mawili ambayo GDB huyafanya. Kwa kawaida orodha ya fremu anayooneshwa mtumiaji huishia main, ingawa nyuma ya main huwa kuna fremu za matayarisho ya kuianzisha programu. Mtumiaji asiyejua hataziona wala hatajua kwamba zipo, mpaka atoe amri ya set backtrace past-main. Hapo neno kuficha linafaa, kwani jicho ndilo lililozuiwa. Kusitiri muundo wa frame_info ni jambo jingine, na lugha yetu inayo maneno mawili ya kuyatofautisha.

Usitiri una hatari yake pia, na hatari hiyo ilijitokeza katika suala la utambulisho. GDB huzihifadhi taarifa za fremu ilizokwisha kuzikokotoa ili isirudie kazi. Programu inayochunguzwa ikiendelea kutekelezwa, hifadhi hiyo hufutwa, kwa kuwa taarifa zimepitwa na wakati. Sehemu ya msimbo iliyokuwa imeshika kielekezi cha fremu ya zamani hubaki imeshika anwani ya kitu kisichokuwapo tena, na kwa kuwa haioni undani wake, haina namna ya kulitambua hilo. Ndiyo maana kila fremu hupewa kitambulisho kilicho nje ya muundo wenyewe, ambacho msingi wake ni anwani ya rundo isiyobadilika katika uhai wa fremu pamoja na anwani ya mwanzo wa fanksheni. Kwa kitambulisho hicho fremu ileile hutafutwa upya. Mwaka 2022, GDB ikiwa imeshahamia lugha ya C++, kielekezi kitupu kilibadilishwa na kielekezi kilichovikwa uangalizi, kinachoitwa frame_info_ptr, ambacho hujulishwa pindi hifadhi inapofutwa. Kwa ufupi, kadiri undani ulivyositiriwa, ndivyo ilivyolazimu kinachobaki nje kiwe cha kuaminika zaidi. Kanuni hiyohiyo inayahusu majina.

5.0 Majina yanapobaki peke yake

Muundo ulipokuwa wazi, msomaji mwenye shaka juu ya maana ya ‘next’ aliweza kuufungua na kufuatilia kielekezi. Baada ya usitiri, anachokutana nacho ni get_next_frame na get_prev_frame. Je, ‘next’ ya wastani ni ipi kati ya gawa na main?

Mtu aliyezoea kupitia orodha atajibu main. Katika orodha yoyote ya mnyororo, ‘next’ ni kipengele unachokiendea baada ya hiki, na GDB hupita kutoka #0 kwenda #1 kwenda #2. Jibu hilo si sahihi. Katika msimbo wa GDB, ‘next’ ya wastani ni gawa, na ‘prev’ yake ni main. Majina yamefuata wakati wa utendaji: main ilitangulia, gawa ikafuata. Kwa hiyo anayeipitia orodha kuanzia mwanzo hadi mwisho huita get_prev_frame kila hatua. Husonga mbele kwa neno la kurudi nyuma. Maelezo yaliyomo katika msimbo yanajaribu kuondoa shaka kwa kuongeza sitiari nyingine mbili, ile ya umri na ile ya undani: fremu ya ‘next’ ni changa zaidi na ya ndani zaidi, ya ‘prev’ ni kongwe zaidi na ya nje zaidi.

Tatizo halikomei hapo. Mtumiaji wa GDB ana amri ya up na ya down. Kwa mujibu wa mwongozo wa programu hiyo, up humpeleka mtumiaji kwenye fremu zenye namba kubwa zaidi, zilizokuwapo kwa muda mrefu zaidi. Kutoka gawa, amri ya kupanda inampeleka kwenye wastani. Lakini katika orodha iliyochapwa kwenye skrini, wastani iko chini ya gawa. Na tukishika sitiari ya nguo sandukuni, wastani iko chini ya gawa vilevile. Kupanda huku kunalingana na mpangilio wa anwani katika vichakataji vingi vya leo, ambamo rundo hukua kuelekea anwani ndogo, hivyo fremu kongwe huwa na anwani kubwa. Juu ya hayo yote, GDB ina amri nyingine inayoitwa next, ambayo jina lake halirejelei fremu: huendesha programu hadi mstari mwingine wa msimbo. ‘Next’ ya amri hutazama kitakachotokea. ‘Next’ ya fremu hutaja kilichokwisha kutokea.

Hapa ndipo utata ulipo. Neno moja la Kiingereza limebeba rejea tatu: kipengele kitakachoendewa katika upitiaji, tukio litakalotokea katika utendaji, na tukio lililofuata tukio jingine katika yaliyokwisha kutokea. Kivumishi hicho hakina pa kuonyesha njeo, hivyo hakimsaidii msomaji kuchagua.

6.0 Njeo katika urejeshi wa Kiswahili

Kiswahili hakina kivumishi halisi kinacholingana na ‘next’. Dhana hiyo huelezwa kwa kitenzi kilichorejeshwa, na hapo mofolojia inamdai msemaji maamuzi ambayo Kiingereza hakimdai. Tazama maumbo yafuatayo ya kitenzi fuata katika ngeli ya 9:

(a) fremu i-na-yo-fuata
(b) fremu i-li-yo-fuata
(c) fremu i-taka-yo-fuata
(d) fremu i-fuata-yo

Katika (a), (b) na (c) kirejeshi -yo- kimetanguliwa na kiambishi cha njeo, na katika (d) hakuna njeo. Umbo la (d) ndilo lililo karibu zaidi na ‘next’, kwa maana kwamba linabakiza utata wote. Mfasiri anayetaka uaminifu wa neno kwa neno atalipenda, lakini atakuwa amemhamishia msomaji wake tatizo lilelile.

Tofauti ya (a) na (b) haiko kwenye wakati peke yake. Iko pia kwenye kituo cha rejea. Linganisha matumizi ya kila siku. Anayesema wiki inayofuata au wiki ijayo kwa kawaida hupima kuanzia wakati anaposema. Anayesema wiki iliyofuata hapimi kuanzia wakati wake. Hupima kuanzia tukio alilokwisha kulitaja katika masimulizi. Vivyo hivyo, wiki iliyopita hupimwa kutoka kwa msemaji, ilhali wiki iliyotangulia hupimwa kutoka kwa wiki nyingine iliyotajwa. Lugha basi ina jozi mbili: ijayo na iliyopita, zilizofungwa kwa msemaji; iliyofuata na iliyotangulia, zilizofungwa kwa kilichotajwa.

Tukirudi kwenye GDB, fanksheni ya get_next_frame hupewa fremu fulani na kuulizwa jirani yake. Kituo cha rejea ni fremu iliyotajwa, si mahali msomaji alipofika katika kuipitia orodha. Zaidi ya hayo, fremu zote zilizo kwenye rundo wakati programu imesimama ni matokeo ya matukio yaliyokwisha kutokea. Masharti yote mawili, yaani rejea ya kilichotajwa na mfuatano wa yaliyokwisha kutokea, ndiyo masharti ya iliyofuata. Gawa ni fremu iliyofuata wastani. Hakuna msomaji wa Kiswahili atakayeielewa sentensi hiyo kuwa inahusu main.

Amri ya next, kwa upande mwingine, inahusu mstari utakaofikiwa kuanzia hapa programu iliposimama. Huo ni mstari unaofuata. Maneno mawili yaliyogongana katika Kiingereza yanaachana yenyewe katika Kiswahili, bila kubuni istilahi hata moja.

Kwa ‘prev’, mfasiri atavutwa na iliyopita. Tunalipinga neno hilo kwa sababu ya pili, mbali na kituo cha rejea. Kilichopita kimekwisha. Fremu ya main haijakwisha. Iko hai, inasubiri. Iliyotangulia inasema tu kwamba ilianza kabla, nayo haidai kwamba imeondoka. Ni kweli kwamba kwa binadamu neno waliotangulia limekuwa tafsida ya marehemu, lakini tafsida hiyo hutegemea muktadha wa watu na haivihusu vitu.

7.0 Pingamizi: kwa nini si mwitaji na mwitwa?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini tusiachane na mfuatano kabisa. Kiswahili kinaunda kwa urahisi nomino mwitaji na mwitwa kutokana na kitenzi ita, na uhusiano wa wastani na gawa ni wa kuita na kuitwa. Fremu ya mwitaji na fremu ya mwitwa zingekuwa wazi zaidi, tena zisingekuwa na suala la mwelekeo.

Pendekezo hilo linafaa kwa mfano wetu wa fanksheni tatu, na katika kufundishia hatua za awali tunalikubali. Haliwezi kuwa istilahi ya jumla kwa sababu fremu jirani si lazima ziwe zimeitana. Programu inaweza kukatizwa na ishara kutoka kwa mfumo endeshi, na fanksheni ya kuishughulikia ishara ikaanza kazi katikati ya fanksheni nyingine ambayo haikuiita wala haikujua ingekatizwa. Msanidi anaweza kuiamuru GDB iite fanksheni ya programu iliyosimama. Hapo mwitaji halisi ni GDB, na fremu ya bandia huwekwa kushika nafasi. Kompaila inaweza pia kuumeza mwili wa fanksheni ndogo ndani ya ile iliyoiita ili kuokoa muda, hivyo katika rundo halisi hakuna fremu mbili bali moja, lakini GDB humwonyesha msanidi mbili kama alivyoandika. Katika hali hizi uhusiano wa kuita ama haupo, ama hauko pale unapoonekana kuwapo. Uhusiano wa kutangulia na kufuata unabaki.

Tena, huu ni uthibitisho wa thamani ya usitiri wenyewe. Anayeita get_prev_frame hupata fremu iliyotangulia, iwe ya kawaida, ya ishara, ya bandia au ya fanksheni iliyomezwa. Tofauti zao zimebaki ndani. Istilahi ya mwitaji ingezitoa nje tena, kwani ingedai juu ya undani jambo ambalo msimbo umekataa kuliahidi. Jina zuri la kitu kilichositiriwa ni lile lisiloahidi zaidi ya kile ambacho sitara inaruhusu kijulikane.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kusitiri muundo wa fremu katika GDB kulihamisha mzigo wa maana kutoka kwenye umbo kwenda kwenye jina. Umbo limebadilika tangu hapo bila kuwasumbua wanaolitumia, na hilo ndilo lililokusudiwa. Lakini jina ‘next’ limebaki likimtaka kila msomaji mpya ajifunze, mara nyingi baada ya kukosea, kwamba linamaanisha kinyume cha alichodhani.

Kwa mfasiri na mwalimu wa kompyuta kwa Kiswahili, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kusitiri litumike kwa dhana ya Parnas, na kuficha liachiwe yale yanayoondolewa machoni. Pili, ‘prev’ na ‘next’ za fremu zifasiriwe iliyotangulia na iliyofuata, na inayofuata ibaki kwa hatua ambayo bado haijatokea. Tatu, amri za up na down zisifasiriwe kwa kupanda na kushuka, kwa kuwa juu na chini vinagombana na orodha anayoiona mwanafunzi. Zielezwe kwa kwenda upande wa fremu zilizotangulia na kurudi upande wa zilizofuata.

Imezoeleka kuzungumzia Kiswahili na teknolojia kwa kuhesabu kinachokosekana: istilahi fulani haipo, nyingine haijasanifiwa. Mfano huu unaelekeza kwingine. Hapa istilahi ya Kiingereza ndiyo yenye upungufu, na kilichouziba si neno jipya bali kiambishi kimoja cha njeo, -li-, ambacho kila mtoto anayekulia katika Kiswahili anakijua kabla hajaanza shule. Mtunga istilahi anayekimbilia kamusi kabla ya kuiuliza sarufi atakuwa ameipita zana aliyokwisha kuishika mkononi.